Automatik au klachi? Maswali yenu ya mwezi huu

Assalaam aleikum wasomaji wangu. Toleo lililopita niliandika maneno mawili matatu tu kwa mtu anaetaka kujifunza pikipiki, nikasema aanze na ya klachi, ile unayobadilisha gia mwenyewe, na ya automatik, inayojibadilisha yenyewe, ataijua huko mbele. Barua zilizokuja kwa maneno hayo ni nyingi kuliko nilivyowahi kupata hapa, wengine wamenuna, wengine wameniunga mkono, na moja imenifanya nikae nifikiri upya kabisa. Naanza na hiyo.

SWALI: Ami, assalaam aleikum. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nakaa Fuoni, Unguja, na kazi yangu iko mjini, kila siku daladala kwenda daladala kurudi, na zamu nyengine natoka saa 2 usiku. Mume wangu ana Boxer, pikipiki ya klachi, kanifundisha uwanjani na gia naziweza, ila nikifika kwenye foleni ya Mwanakwerekwe inanizimikia katikati ya njia, watu honi, mimi natetemeka. Nataka kununua skuta ya automatik. Kaka zangu wananambia hiyo si pikipiki, eti nikishaizoea ndo basi tena ya klachi sitoiweza, na wewe umeandika vivo hivo. Na mimi navaa baibui. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam bibie. Kanunue skuta.

Yale niliyoandika nilikuwa namfikiria kijana wa miaka 18 anaetaka kujua kila kitu, sikukufikiria mtu anaetoka zamu usiku na njia yote ya Fuoni iko mbele yake. Kwako wewe cha kwanza ni kufika nyumbani. Foleni ile unasimama na kuondoka hata mara thelathini, na kwenye klachi kila ukiondoka mkono wa kushoto unaachia pole pole, wa kulia unatia mafuta, mguu wa kushoto uko kwenye gia, na macho yanatakiwa yawe kwa ile daladala inayokukatia mbele ili ipakie abiria. Skuta inakupunguzia kazi mbili katika hizo na macho yanabaki njiani. Hiyo faida kubwa sana, wala mtu asikutie unyonge kwa hilo.

Lakini kuna kitu kaka zako hawakukwambia na mimi pia sikukiandika, na ndicho hasa kinachowaangusha watu. Ni mkono wa kushoto. Kwenye Boxer ya mumeo mpini wa kushoto ni klachi, ukibinya wote kwa nguvu injini inaachana na tairi, hakuna baya. Kwenye skuta mpini ule ule, mahali pale pale, ni breki ya nyuma. Mkono wako haujui umepanda chombo gani, unafanya ulichozoea.

Mimi nilikuwa nimeendesha klachi tupu miaka 19 nilipoazima skuta ya jirani kutoka Bububu kuja mjini. Mvua ndo kwanza imekatika, lami ina ule utelezi wa vumbi na mafuta, nafika Mtoni gari ya mbele ikasimama. Mkono wa kushoto ukabinya vidole vinne kwa mpigo kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nilikuwa nasubiri injini iachie, badala yake nikasikia tairi la nyuma linalia halafu halilii tena, skuta imelala ubavu na mimi niko chini nateleza nayo, goti la kushoto limekwanguka mpaka leo nywele hazioti pale. Kwa bahati nyuma yangu hapakuwa na gari. Na upande wa pili ni vile vile, aliyezoea skuta akipanda ya klachi, ukija mshtuko anabinya kushoto akidhani ni breki, kumbe kaiachia huru, inakwenda kama baiskeli kwenye mteremko.

Kwa hiyo nyumba yenu itakuwa na vyombo viwili vya aina mbili na nyote wawili mtavichanganya, hilo haliepukiki. Nnachokuomba ni hiki, na mumeo afanye pia: siku unayobadilisha, kabla hujawasha, kaa juu yake, binya mkono wa kushoto taratibu mara kumi na useme kwa mdomo, breki. Au klachi, ikiwa umekaa kwenye Boxer. Wanafunzi wangu huwa wanaona haya mwanzoni lakini nawalazimisha na sijapata kujuta. Wiki ya kwanza ya skuta zunguka mitaa ya ndani ya Fuoni tu, usiende mjini, zoea kusimama kwa breki zote mbili pamoja, ya mbele ndo inayosimamisha zaidi lakini kwenye mchanga na maji uibinye kama unashika yai.

Kitu chengine ni mkono wa kulia. Pikipiki ya klachi ikiwa inanguruma bila gia, hata mtoto akikamata eksileta itapiga kelele tu. Skuta haina hayo, ikishawaka iko tayari kuondoka, inasubiri mkono. Nimeona mama mmoja anaisukuma kuiingiza ukumbini huku imewashwa, kaishika kwa mkono wa kulia ili aivute ipande kizingiti, ile kuvuta ndo kukaza mafuta, ikamponyoka ikaenda kugonga kabati la vyombo. Zima ndo ushuke. Zima ndo usukume. Na watoto wasiachiwe wasimame mbele pale kwenye sakafu ya skuta ikiwa imewaka, hata kama umesimama dukani dakika moja, mana mtoto kitu cha kwanza anachokamata ni usukani.

Haya baibui. Hapa skuta inakufaa kuliko ya klachi na wala si kwa sababu ya urahisi wa gia. Ya klachi zile mnazotumia nyingi cheni iko wazi, nyuma kuna spoki, na pindo la baibui likiingia mle linajikunja kama uzi kwenye kibiringo, halikupi nafasi ya kusimama. Skuta unakaa miguu pamoja kwenye sakafu, haina cheni, na upande wa injini umefunikwa. Hata hivo tairi la nyuma lipo pale na upepo unapeperusha, kwa hiyo ndani vaa suruali, baibui likunje mpaka magotini ulikalie, na kama una baibui la vifungo fungua viwili vya chini. Mtandio uutie ndani ya koti. Na pini, bibie, pini za mtandio zisikae utosini wala upande wa sikio chini ya helmeti, ukianguka helmeti inazikandamiza kichwani. Vaa kile kikofia cha ndani cha kitambaa kinachobana, kinatosha.

Boxer usiiache. Kila Ijumaa jioni zunguka nayo uwanjani robo saa, mikono isisahau.

SWALI: Fundi, mie niko Mtambile, Pemba. Nilinunua skuta automatik iliyotumika, imeletwa kutoka Unguja, naibebea karafuu mbichi na ndizi. Nikipanda mlima natia mafuta mpaka mwisho, injini yalia lakini haiendi, na yanuka kama mpira uunguao. Nikiteremka breki zinakuwa laini, nabinya mpaka zagusa usukani. Fundi wa hapa kanambia mkanda umekwisha, nkabadilisha, mwezi haujesha imerudi vile vile. Kosa la nani yakhe?

JIBU: Kosa la kazi unayoipa, si la mkanda na wala si la fundi wako.

Siku utakayofungua lile bamba la upande wa kushoto litazame vizuri utaelewa mwenyewe. Mbele utaona puli moja imekaa kwenye shafti ya injini, nyuma puli ya pili, kati yao mkanda wa mpira wa meno. Puli ya mbele ina rola ndani yake, vidude vya mviringo vizito, injini ikienda mbio zinarushwa nje na kuzibana sahani za puli, mkanda unapanda juu, chombo kinakimbia. Injini ikipungua zinarudi, mkanda unashuka, unapata nguvu. Hiyo ndo gia ya skuta, haina moja wala mbili, inajibadilisha yenyewe bila kituo. Halafu kule nyuma ndani ya lile bakuli la chuma kuna klachi, viatu kama vya breki ya nyuma vimeshikwa na springi, injini ikizunguka polepole vimelala, ikizunguka kwa kasi vinatawanyika na kulikamata bakuli. Ndo mana skuta inaweza kusimama imewashwa bila kuzimika.

Sasa wewe umepakia gunia la karafuu mbichi, nazo ni nzito kwa sababu ya maji, na wewe mwenyewe, halafu umekabili mlima wa Pemba ambao haukupi hata sehemu ya kushika mwendo kwanza. Mwendo mdogo, mzigo mkubwa. Vile viatu vinalikamata bakuli nusu nusu, vinasugua badala ya kushika, joto linapanda na hiyo ndo harufu unayoisikia. Mkanda nao unateleza unakauka. Ukibadilisha mkanda peke yake ukaacha viatu vilivyokwisha kung'ara kama kioo na bakuli lililogeuka rangi ya buluu kwa moto, umetibu kidole wakati homa iko mwilini. Akufungulie yote, viatu, bakuli, na rola azitoe azitazame kama zimechongeka upande mmoja. Na apapase kama kuna mafuta yanayovuja ndani mle, mkanda ukigusa mafuta haushiki hata uwe wa leo.

Kuteremka ndo kunanitisha zaidi. Pikipiki ya klachi ukiitia gia ya pili kabla ya mteremko, injini yenyewe inakushikilia, breki unazigusa kidogo tu. Skuta pia inashikilia lakini mpaka mahali fulani, ukifunga mafuta ukaenda taratibu vile viatu vinalala, injini inaachana na tairi na kuanzia hapo uzito wote wa mzigo umebebwa na breki mbili ndogo. Zikipata moto zinalegea, ndo huko kugusa usukani. Ukiwa unaiendesha bado, anza mteremko ukiwa umetia mafuta kidogo viatu vishike, halafu ndo ufunge, na ukihisi imejiachia na inaanza kukimbia yenyewe gusa mafuta kidogo tena itashika. Na breki binya ukiachia, binya ukiachia, usizishike moja kwa moja kutoka juu mpaka chini.

Lakini ushauri wangu wa kweli ni kwamba msimu ukija uwe na chombo chengine. Chukua ya klachi ya kawaida ambayo gia yake ya kwanza ina nguvu, na tairi kubwa, mana skuta nyingi zina tairi za inchi 10 au 12 na zile pikipiki ni 17 kwenda juu, shimo linalomeza tairi la skuta, za pikipiki zinapita juu yake. Kama mkono wa kushoto una tatizo au hupendi klachi, tafuta ile nusu automatik, ya kukanyaga gia kwa mguu bila mpini wa klachi. Honda walianza kuiuza hiyo mwaka 1958 wakaiita Super Cub, na ilipofika 2017 walikuwa wametengeneza zaidi ya milioni 100, hakuna chombo cha injini kilichotengenezwa kwa wingi kama hicho. Unapokanyaga gia mguu wako ndo unaoifungua klachi, ukiachia inajifunga. Gia unazo za kweli, mteremkoni zinakushikilia. Mzigo wa Pemba unaubeba, alimradi hukuzidisha.

SWALI: Wewe mzee hata unazitaja automatik, hizo za wanawake na watalii. Mwanamme wa kweli anapanda Vespa au pikipiki ya gia. Niambie pikipiki moja kubwa ya maana ambayo ni automatik.

JIBU: Moja tu? Honda Gold Wing, injini ya silinda sita, ile mpya inapatikana na gia zinazojibadilisha. Africa Twin, pikipiki ya porini na milimani, vile vile. Honda walianza na mtambo huo kwenye VFR1200F mwaka 2010, una klachi mbili ndani, moja inashughulikia gia moja, tatu na tano, nyengine mbili, nne na sita, kwa hiyo uko kwenye gia ya pili na ya tatu imeshakaa tayari inasubiri zamu yake. Zamani zaidi, 1976, walishatoa pikipiki kubwa ya injini ya cc 750 bila mpini wa klachi. Mwaka 2023 wakatangaza klachi inayoendeshwa na mota za umeme, mpini upo ukitaka na usipotaka unakanyaga gia tu, na mwaka uliofuata Yamaha na BMW nao wakaonesha mitambo yao. Watu hao hawatengenezi vyombo vya kuchezea.

Vespa unayoisifu naipenda na mimi, nimekulia nyuma ya Vespa ya babu, na ni kweli ile ya zamani si automatik ingawa watu wengi wanadhani hivo kwa sababu haina gia ya mguu. Gia ziko kwenye mkono wa kushoto, unabinya klachi halafu unauzungusha mkono wote pamoja na mpini wake, na ndivo Piaggio walivyoianza Italia tangu 1946. Ni chombo kinachotaka ustadi. Lakini jina la Vespa leo lipo pia kwenye skuta za mkanda, za automatik kabisa, kwa hiyo jina peke yake halikwambii kitu.

Na hili la wanawake naomba tuliache. Kila wiki nafundisha wanawake wawili watatu, na wanavyosikiliza wakielezwa breki natamani na vijana wangelikuwa hivo.

SWALI: Naam fundi, sisi tuna skuta sita za kukodisha Paje. Wageni wengine wanasema wanajua kuendesha, wanaonesha leseni, halafu wanaanguka mita hamsini kutoka getini. Tuweke na za klachi labda wanazijua zaidi?

JIBU: Msiweke. Mgeni anaejua klachi kweli atakuuliza mwenyewe. Leseni nayo isome, Uingereza kwa mfano mtu akifanya mtihani kwa automatik anapewa leseni ya automatik tu, kwa hiyo kuwa na leseni ya pikipiki si kujua pikipiki zote.

Wanaanguka getini kwa sababu ya ule mkono wa kulia niliomwambia bibie wa Fuoni. Wanaogopa, wakiogopa wanashikilia kwa nguvu, wakishikilia wanakaza mafuta. Mpe mgeni dakika kumi uwanjani kabla hujapokea pesa: aisukume ikiwa imezimwa aone uzito wake, aiwashe huku kabinya breki, aende hatua ishirini asimame, arudi. Halafu azungushe namba nane kati ya minazi miwili, mafuta kidogo yasiyobadilika na breki ya nyuma kaigusa kidogo, skuta inaongozwa kwa breki hiyo ukienda pole pole, si kwa kufungua na kufunga mafuta. Akishindwa mpe baiskeli. Mwambieni pia kwamba huku tunaendesha kushoto, na mchanga uliotambaa juu ya lami kule Jambiani asikate kona juu yake. Helmeti ifungwe kidevuni mbele yenu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, Chake Chake, Pemba, nina miaka 19, baba ananifundisha pikipiki yake ya klachi. Kila nikitaka kuondoka inazimika hasa kwenye mlima, na hata nikiwa nimesimama nimebinya klachi yote inataka kwenda mbele. Baba anasema mimi sina akili ya pikipiki.

JIBU: Marahaba mwanangu. Akili unayo, umeeleza vizuri kuliko watu wazima wengi, na hiyo sentensi yako ya mwisho kuhusu klachi nitairudia.

Zoezi kwanza. Nenda mahali pa tambarare, washa, tia gia moja, na mkono wa kulia usiuguse kabisa. Achia klachi taratibu, polepole kuliko unavyofikiri, mpaka usikie injini imeshusha sauti kidogo na pikipiki imeanza kutambaa. Hapo hapo simamisha mkono, usiachie wala usibinye. Iache itambae hatua tatu, kisha binya. Fanya hivo mara ishirini mpaka vidole vijue pale mahali pako wapi bila wewe kufikiri, mana tatizo la kuzimika ni kwamba unapita pale kwa haraka. Ukishapajua ndo unaongeza mafuta kidogo.

Mlimani, mguu wa kulia ukae kwenye breki ya nyuma, imekushikilia. Tia mafuta kidogo, achia klachi mpaka pale pale, utasikia sauti inashuka na mbele inanyanyuka kidogo kama punda anaetaka kusimama. Hapo imeshashika. Toa mguu kwenye breki, ongeza mafuta, malizia klachi. Ukitoa mguu kabla ya sauti kushuka utarudi nyuma, na mtu akirudi nyuma anashtuka anaachia klachi yote, inazimika.

Ila kwenda mbele huku umebinya yote hilo si lako, ni la pikipiki. Waya wa klachi umelegea, unabinya mpaka mwisho lakini kule ndani haijafunguka sawasawa, kwa hiyo hata ungelikuwa hodari vipi itakusumbua na gia ya free hutoipata kirahisi. Mwambie baba kwa adabu atazame ile skrubu ya kukazia pale mpini unapoanzia, akaze waya mpaka mpini uwe unacheza kidogo tu, kama unene wa shilingi, ndo uanze kuvuta. Asikaze ukakosa kucheza kabisa mana hapo klachi itateleza na kuungua. Na kama skrubu imefika mwisho bado inavuta mbele, amwage mafuta ya injini atie mapya ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, kisha mjaribu tena injini ikiwa imepata moto. Ikiendelea hapo ni sahani za klachi, ipelekwe kwa fundi azifungue.